Kompyuta ya Kiwanda cha Mikate

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ninaandika shajara hii ili nitakapoongoza kampuni yangu mwenyewe, watu wajue nilivyoanza. Nimeanza leo, Thika. Bwana Jagdeep, mwenye kiwanda cha mikate, anataka programu ya kupokea oda za maduka. Tumebaki wawili tunaoiwania: mimi na Waithira, niliyesoma naye darasa moja. Yeye huandika programu kwa lugha ya Python. Mimi ni mtu wa Java. Atakayeshinda Ijumaa atapewa kazi ya kudumu. Nimeshaarifu nyumbani Ruiru kwamba mshindi ni mimi. Mama ameshawaambia watu wa kanisa.

Waithira amesema kutumia Java ni kuvaa suti kwenda kununua maziwa. Nilimjibu kwamba suti ni heshima. Alikuwa ameshaondoka.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Nilipita kiwandani kwa kisingizio cha kununua mkate, nikaomba kuitazama kompyuta ya karani. Kuukuu. Unga hadi kwenye vitufe. Python haimo! Bila Python, programu ya Waithira haifunguki. Nikamwandikia Bwana Jagdeep barua pepe, kwa unyenyekevu mkubwa, nikipendekeza majaribio yafanyike kwenye kompyuta hiyo, si kwenye zetu, kwa ajili ya haki. Amekubali. Amenisifu kwa uadilifu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilitangulia mimi, nikiwa na tai. Nikabofya. Kimya. Java nayo haimo! Nikaeleza kwamba nyumbani inafanya kazi. Bwana Jagdeep akauliza iwapo maduka yatakuwa yakija kwangu Ruiru kuagiza mkate.

Waithira alitoa flashi mfukoni, akaweka Python, programu yake ikafunguka. Halafu, bila kuombwa, akaniwekea na Java.

"Injinia, jaribu tena. Sitaki kumshinda mtu aliyezimika."

Yangu ikafunguka! Oda zikaingia bila kosa. Bwana Jagdeep alishindwa kuchagua. Patakuwa na jaribio la mwisho.

Jumamosi, 8 Machi
Bwana Jagdeep amepiga simu. Kwa kuwa anaamini uadilifu wangu, ameniomba nichague kompyuta. Nimechagua ya duka moja la Gatongora linalouza mikate yake. Nimeshaikagua. Python haimo! Java sikuangalia, mwenye duka alikuwa anafunga, na haiwezekani ikosekane mara mbili. Waithira ameuliza kama alete ile flashi. Nimemwambia asijisumbue.

Tai imepigwa pasi. Tunakutana Gatongora, Jumatatu, saa nne asubuhi.