Telesphor wa Kakese na Darubini Iliyomsogeza Mama Mkwe

Jongeeni, enyi watu wa Kakese na wa Mpanda mjini, nanyi wa Ikola mnaonukia dagaa hata mkiwa kanisani, jongeeni mkae. Na mwenye mboga jikoni aiepue kabla haijaungua, kwa maana habari ninayoileta haikatizwi. Wengine wamewasimulia majeshi na wafalme waliovuka mito. Mimi wafalme siwajui, na mito niliyovuka ni michache, tena niliivuka kiangazi. Nitawasimulia habari za Telesphor mwana wa Rafaeli, Mkaza Skrubu, Mteua Risasi, Mpishi aliyeunguza ugali wa kambi nzima ya wapima ardhi asifukuzwe, na jinsi alivyopanda kichuguu akipigania ndoa yake. Mambo haya yalitukia miaka ile ya kwanza baada ya gari moshi kufika Mpanda, na asiyeyaamini ana ruhusa ya kwenda kukaa nje.

Ikawa mpima ardhi mmoja, Mzungu wa miguu mirefu, alipomaliza kazi na kurejea kwao, alimwachia mpishi wake bunduki ya upepo. Msidhani ni bunduki ya kuulia tembo. Ni ile inayokunjwa katikati ili ijivute pumzi, kisha ikalia "pyu" kama mtu anayetema kokwa. Na risasi yake ni ndogo kuliko punje ya hindi, tena ina kiuno. Pamoja nayo ilikuja darubini, imefungwa ndani ya soksi. Telesphor akazisukumia zote uvunguni mwa kitanda, akazisahau, hata adui alipotokea.

Adui mwenyewe alikuwa tumbili dume, mzee wa mashavu, ambaye watu walimpa jina la Bwana Shauri, kwa sababu alifika asubuhi, akakaa juu, akatazama wenzake wakifanya kazi, halafu akachukua kilicho chao. Alikuwa akila karanga za mbegu zilizoanikwa uani kwa Telesphor. Na ole ni huu, jamaa zangu: karanga zile zilitoka Litapunga, kwa mama mkwe wake, Specioza, Mama wa Neno Lisilorudi, ambaye msimu ule alikuja mwenyewe kukagua mbegu zake na kukuta maganda.

Hapa sina budi kueleza adabu ya watu hawa. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mama akitaka kutoka jikoni hukohoa, na mkwe hugeukia ukuta upesi kama aliyeitwa na ukuta huo. Wala hawasemezani, mama huzungumza na kinu, na mwenye kusikia asikie. Lakini mmoja wao akiwa kule kwenye kichuguu kikubwa, mwisho wa shamba, hapo hakuna kosa, maana mtu wa kule huonekana kama kidole gumba, na kidole gumba hakina uso.

Specioza akasimama mbele ya kinu, mikono kiunoni, akanena hata majirani wakaacha kupepeta:

"Ewe kinu, nakusemesha wewe kwa kuwa una akili kuliko wengi wa hapa. Binti yangu Generosa nilimwoza kwa mwanamume, sikumwoza kwa tumbili. Sasa naona mwenye mji huu ni yule wa mashavu. Mimi naondoka Jumapili baada ya misa. Akionekana tena yule akila mbegu zangu, binti naye anafunga mzigo tunaondoka wote. Umenielewa, kinu?"

Telesphor, pua yake ikigusa udongo wa nyumba, akajibu kwa unyenyekevu: "Ewe ukuta, kiambie kinu kwamba kimeeleweka."

Alimpenda Generosa, na hakuwa akificha. Alimchotea maji mchana kweupe, wanaume wenzake wakimwona.

Basi akaitoa silaha uvunguni, akaibeba mpaka kwa binamu yake Melkior, fundi baiskeli, Mtia Viraka, Mnyoosha Rimu, mtu ambaye hakuwahi kukiri kwamba kuna chombo asichokijua. Melkior akaivua darubini soksi, akaitazama pande zote, akaipuliza, akanena:

"Binamu, hii ni kazi ya watu wazima. Chombo hiki kina msalaba wa nyuzi ndani. Pale nyuzi zinapokutana ndipo risasi inapotakiwa kwenda. Sasa nyuzi hazijui bunduki inataka nini, na bunduki haijui nyuzi zinasema nini. Mimi nitawapatanisha."

Skrubu moja ya kushikilia darubini ilikuwa imepotea. Melkior akapekua makopo yake yote, akakosa, akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akaizungushia darubini na mtutu, akavuta kwa meno hadi mishipa ya shingo ikasimama. Ndivyo wawili hao walivyofungwa ndoa, darubini na bunduki, bila padri na bila mahari.

Wakaenda kichuguuni, mama mkwe akiwa kisimani, wakaielekeza jikoni, mahali ambapo debe tupu lilikuwa limetundikwa kwenye kamba ya nguo. Telesphor akakunja bunduki, akatia risasi, akatazama. Ajabu kuu! Debe lilikuwa limemfikia puani. Akanyoosha mkono alishike, akashika hewa. Melkior akamwambia aache utoto.

Akafyatua, risasi ikazama kwenye mgomba wa kushoto. Melkior akageuza kifundo cha ubavuni mwa darubini. Ikazama kwenye mgomba wa kulia. Akakirudisha, na risasi ikapita juu ikamkosa jogoo wa jirani, naye jogoo akalalamika mpaka jioni. Walipigana na kifundo kile kama watu wanaosukumana na ng'ombe mlangoni, lakini risasi kila moja ilijiendea ilikotaka, na migomba ikatoboka kama chujio.

Generosa alikuwa amesimama kando, kakunja uso. Mwisho uvumilivu ukamwisha, akamwambia mumewe:

"Baba Katarina, hivi unatia tu chochote mkono ulichookota? Mbona maharage nayachambua kabla ya kuyapika? Nyie wanaume mnageuza-geuza kidude hicho wakati shida iko mkebeni. Lete hapa."

Akaumwaga mkebe wote kwenye ungo. Loo, jeshi gani lile! Zilikuwamo risasi za vichwa bapa, za vichwa duara, na za ncha kali, zote zimechanganyika. Na kwa kuwa mkebe ulisafiri sana kwenye magari ya kambi, nyingi zilikuwa zimebonyea sketi, ule mkia mpana ulio chini ya kiuno. Generosa akapeta mara moja, vumbi la risasi likaondoka. Akauinamisha ungo, zikaanza kuteremka. Zilizobonyea zikapinda njiani kama walevi, naye akazitupa. Nzima zikateremka pamoja kwa adabu. Kisha akazigawa kwa vichwa.

"Anza na hizi bapa," akasema. "Za ncha kali sizipendi. Zinajiona." Halafu akashusha sauti. "Mimi Litapunga sirudi, Baba Katarina. Kule ni kwetu, lakini wewe hupo. Piga vizuri."

Telesphor akatia kichwa bapa, Melkior akageuza kifundo kidogo tu, na debe likalia "ngwaa". Akatia nyingine, likalia tena. Akajaribu ya ncha kali, ikaenda kwenye mgomba. Wakakumbatiana watu watatu juu ya kichuguu, na kichuguu kikamomonyoka upande mmoja.

Jumapili ikawadia. Watu walitoka misani wakapitia kwa Telesphor wote, kwa kuwa siri ile hakuna asiyeijua. Generosa alikuwa amefunga mzigo kwa amri ya mama yake, ukiwa umekaa mlangoni kama mgeni mbaya. Karanga zilizobaki zilianikwa. Bwana Shauri akatokea juu ya paa la jiko, akajikuna, akateremka mkekani, akaanza kujaza shavu.

Kichuguuni, Telesphor alilala kifudifudi, risasi teule tumboni mwa bunduki. Akafumba jicho la kushoto. Msalaba wa nyuzi ukatua juu ya makalio ya adui.

Wakati uleule Specioza akatoka jikoni. Hakukohoa, na kwa nini akohoe? Mkwe wake alikuwa kule mbali, kidole gumba. Akapita mbele ya mkeka, akainua macho kuelekea kichuguuni; na ndani ya kioo, badala ya tumbili, ukajaa uso wa mama mkwe, mzima, karibu kuliko Telesphor alivyowahi kuuona uso wa mtu yeyote, na chunjua yake chini ya kidevu, na jicho likimtazama sawasawa.

"Shikamoo, Mama!" akapiga ukelele, akajirusha nyuma. Bunduki ikalia "pyu" ikiwa inaelekea mbinguni. Risasi ilipanda, ikafikiri, ikashuka, ikagonga debe. Debe likakatika kamba likaangukia masufuria, na mshindo wake ukawa kama gari moshi lililoingia jikoni. Bwana Shauri aliruka kimo cha paa, akatema karanga zote alizokuwa nazo shavuni, akakimbilia porini, na Kakese haikumwona tena.

Vigelegele vikapigwa. Lakini shujaa alikuwa bado chini, uso kwenye vumbi, akiungama kwa sauti: "Nimemwona! Nimeona hata chunjua!"

Specioza akashika kidevu, akakigeukia kinu polepole.

"Kinu, muulize huyo. Chunjua yangu kaijuaje?"

Melkior akajitosa kumtetea ndugu yake: "Wazee, mwili wake haukuondoka kichuguuni. Ni jicho tu lililotangulia. Na jicho lilisukumwa na chombo." Wazee wakabishana hadi jua likawa kali, wengine wakitaka faini ya kuku, wengine wakisema kuku hatoshi kwa chunjua.

Specioza akawakatiza. "Kanitazama, na mimi nitamtazama. Kileteni hicho kidude."

Melkior akafungua mpira. Generosa akampelekea mama yake darubini ndani ya kanga. Telesphor akaamriwa asimame juu ya kichuguu, wima, mikono ubavuni. Mama mkwe akaiinua, akaiweka jichoni kwa upande ule mpana, na hakuna aliyethubutu kumrekebisha.

Akatazama sana. Uso wake ukaanza kulegea.

"Kinu," akasema, "mbona miaka yote hukuniambia nina mkwe mzuri hivi? Mdogo, mkimya, na yuko mbali kama mtu wa Ikola. Kwa huyu sioni kosa hata moja. Binti abaki. Ila bomba hili naondoka nalo, nisije nikamtazama vinginevyo."

Generosa akaufungua mzigo palepale, mbele ya watu wote, akarudisha sufuria ndani. Na Telesphor juu ya kichuguu akalia machozi bila kuona haya. Tangu siku ile, Kakese ina mwaka wake ambao haumo katika kalenda ya misheni wala ya serikali. Mtu akiulizwa alizaliwa lini husema, "Mwaka wa Darubini," na karani huandika hivyo asiulize zaidi.

Specioza akashika njia ya Litapunga. Alipofika kwenye kona akasimama, akageuka kuelekea kichuguuni, akaweka darubini jichoni kwa upande wake uleule mpana. Hapakuwa na kinu pale njiani.

"Marahaba, mwanangu," akaita.