Ombi la Kumfundisha Mume Wangu Kusema Pasi

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Briji,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi ni mke wa mwanachama wenu, yule fundi friji mrefu anayekaa kiti cha dirishani. Hatujaonana, ila umewahi kunisikia: ndimi niliyepiga simu katikati ya somo nikitaka arudi, mtoto alikuwa hanyamazi. Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ile mwalimu wenu wa karata alifundisha jinsi ya kuamua kama mpandishe dau au muwaachie wapinzani wanapotaja dau la juu kuliko lenu. Mume wangu alisikia nusu ya kwanza: usiwaachie mkataba, yaani dau la mwisho, kwa bei rahisi. Nusu ya pili, kwamba unahesabu turufu zako na za mwenzio, na hesabu ikifika mwisho unasema pasi, yaani unaacha kupandisha, ilifundishwa yeye akiwa kwenye ngazi, simu sikioni. Kosa la simu nalikubali. Lakini sasa naishi na nusu ya mchezaji.

2. Mtoto wetu ana miezi minne na hana jina. Mimi nilitaja moja, la herufi tatu, ambalo mtu anaweza kuliita hata akiwa amebana pini ya nepi kwa meno. Mama mkwe, ambaye pale klabuni hukaa upande wa wapinzani, akataja la marehemu mama yake. Mume wangu akapandisha dau: la baba yake, na la shangazi juu. "Mawili tu, mwanangu?" "Basi matatu, mama." Wamefika saba. Nikimkumbusha kuwa mwenzake mezani ni mimi, ananiambia eti ananiunga mkono. Kwenye kadi ya kliniki nesi ameandika "Mtoto", na mwezi huu ameongeza kwa penseli "Bado".

3. Ugonjwa umetoka nje. Jirani alisema mwanawe ana meno mawili. Mume wangu akasema wetu ana manne. Jirani akasema, "Haya, mfunue mdomo tuone." Mwenyekiti, wetu ni kibogoyo. Sasa napitia mlango wa nyuma.

4. Nikilalamika, ananieleza kwamba kuanguka kidogo, yaani kushindwa kutimiza dau mlilotaja, ni afadhali kuliko kuwaachia wapinzani washinde. Sawa. Lakini tunaanguka wawili, na mtoto akilia anayeinuka ni mmoja.

Si mtu mbaya. Anamwogesha mtoto vizuri kuliko mimi, na humwimbia mpaka povu linakauka. Ila Ijumaa karani wa vyeti vya kuzaliwa anataka jina, na fomu yake ina nafasi ya majina matatu tu. Tukikosa, faili linarudi mwanzo. Nimechoka kumwita mwanangu "wewe". Nataka aitwe, ageuke.

Kwa hiyo naomba: kwanza, arudishiwe nusu ya somo aliyoikosa, nami sitapiga simu hata mtoto alie kwa kopa, uru, shupaza na pau kwa pamoja. Pili, mnacho kiti ambacho mtu huweka karata zake mezani na kunyamaza mpaka mchezo uishe. Mkalisheni hapo mwezi mzima. Tatu, mama yake naye, kiti cha jirani.

Nisalimie mwalimu, na mama anayechemsha chai, na wote wanaojua kunyamaza.

Wako katika uchovu na heshima,
Mama Mtoto (jina litafuata)

N.B. Kabla sijafunga bahasha: asubuhi hii mama mkwe amekuja, ameisoma ile "Bado" ya nesi, akavua miwani akaifuta. Akasema, "Mimi pasi." Mume wangu akahesabu kwa vidole, akasema pasi. Limebaki jina langu, peke yake, herufi tatu. Nimekaa nalo dakika kumi, nikimwangalia mtoto. Nikaona wamenyamaza haraka mno, nimeachiwa kwa bei rahisi. Nimeongeza la mama yangu. Mama mkwe, aliyekuwa ameshafika mlangoni, amerudi na amevuta kiti.