Faili Langu Liko Wapi?

Jumatatu, 3 Machi

"Mwandishi asiye na rekodi polisi hajaandika kitu." Maneno ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mdomo umejaa chakula changu. Upuuzi! Kwanza, yeye mwenyewe hajawahi kuandika hata barua. Pili, rekodi ninayo. Lazima ninayo! Miaka mingi nimeishambulia serikali ya kwetu magazetini, nikawaita mawaziri majina ambayo mama alinikataza kuyatamka. Sasa tunaomba ukaazi wa kudumu huku ugenini, na kila mmoja wetu anatakiwa kuleta cheti cha polisi wa kwetu kwamba hana rekodi ya jinai. Bila ukaazi, mke wangu hapati ajira ya kudumu wodini, na mkataba wake unakaribia kwisha. Ameniomba jambo moja tu: nisilete maneno.

Sitaleta.

Alhamisi, 6 Machi

Ubalozini, kuchukuliwa alama za vidole. Karani, dada mpole mwenye mikono baridi, aliviringisha vidole vyangu kwenye wino kimoja kimoja, taratibu, kama anayelaza watoto. Nikasinzia macho wazi. Nikaliona faili langu huko kwetu: chumba chenye ubaridi, feni inazunguka polepole, faili nene kama godoro. Afisa mmoja ananisoma kila Jumapili tangu ujana wake. Sasa ana mvi. Anapiga mstari chini ya sentensi zangu nzuri. Mahali fulani amecheka peke yake.

Nilipozinduka, fomu ilikuwa mbele yangu. Umewahi kuchunguzwa na polisi? Nikaandika: "Naam, na kwa muda mrefu." Hata mwandiko ulipendeza.

Jumanne, 11 Machi

Simu kutoka ubalozini. Cheti changu kimezuiwa hadi nieleze nilichunguzwa kwa kosa gani, kituo kipi. Na kwa kuwa tunaomba pamoja, mke wangu naye amekwama. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga! Akauliza kama niliwahi kukamatwa. Nikasema si kukamatwa hasa. Kuitwa kituoni? Si kuitwa hasa.

"Sasa nani alikuchunguza, mume wangu? Ulimwona wapi?"

Nikamsimulia habari za afisa mwenye mvi. Akaenda kulala na viatu vyake miguuni.

Ijumaa, 14 Machi

Ubalozini tena. Karani anasema wametafuta kwa jina na kwa vidole. Hakuna kitu. Nikamsihi ajaribu jina langu la uandishi. Hakuna. Basi kichwa cha makala yangu iliyotikisa nchi? Akanijibu, "Mzee, kompyuta haitafuti makala." Mzee! Mimi!

Nikaapa kwa maandishi kwamba sijawahi kuchunguzwa na polisi yeyote, popote. Cha mke wangu kikaachiliwa, na changu kikatoka papo hapo: hana kumbukumbu yoyote ya jinai. Mke wangu alikibusu. Shemeji alikisoma kwa sauti, akakirudia, akanipa mkono kama bwana harusi. "Hongera, shemeji. Kumbe tunaishi na malaika!"

Jioni nilikaa barazani, nikamwona yule afisa akisimama, akizima feni, akiondoka bila kufunga mlango. Chumba kitupu. Upepo tu.

Jumapili, 16 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu yuko wodini. Ameniachia kazi moja: kugundisha bahasha ya maombi, kesho niipeleke posta. Nimeishika muda mrefu, mawingu yakipita dirishani bila haraka. Halafu likanijia wazo, laini kama usingizi. Uhamiaji wa huku nao wana ofisi. Wana watu wanaolipwa kusoma! Na bahasha ina nafasi.

Nimechagua makala kumi na mbili, zile kali. Zimeingia vizuri kabisa. Juu yake nimeweka barua:

"Kwenu maafisa wa uhamiaji mtakaofungua bahasha hii. Cheti cha mke wangu kiaminini. Ni kweli tupu. Changu ni matusi. Someni makala hizi zote, kwa sauti mkiweza, kisha nifungulieni faili. Na mniandikie mara moja kunijulisha limefika unene gani."