Nyasi za Wenyewe

Lennox Wakhungu alisimama kando ya barabara ya Namanga, nje kidogo ya Kitengela, akatazama kushoto, akatazama kulia, na papo hapo akajua kwamba Mungu hajamsahau.

Kushoto palikuwa na mtaa wa nyumba kumi na mbili uliozungushiwa ua wa miti ya miiba ya kayaba. Mtaa huo ulikuwa na kisima cha pampu, kwa hivyo nyasi zake zilikuwa zimefika magotini, mbichi kabisa, na wenyewe hawana habari. Walikuwa watu wa kazi. Waliondoka kwenda Nairobi jogoo akiwa bado usingizini na kurudi watoto wakiwa wamelala, na nyasi zao walizitazama Jumapili tu baada ya ibada, kwa aibu. Kulia palikuwa na ng'ombe arobaini wa mama mmoja wa Kimaasai, mbavu nje, wamejipanga wakiutazama mtaa huo. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili, na mvua ilikuwa imesusa Kajiado nzima.

Mtu wa kawaida angewahurumia ng'ombe hao. Lennox naye aliwahurumia, kama dakika moja hivi, kisha akaanza kazi.

Ni vizuri ijulikane kwamba shida yake ilikuwa ng'ombe mmoja tu. Miaka mitatu nyuma alikuwa amemposa Jentrix, mwalimu wa chekechea pale Kitengela, na mahari yote ilikuwa imekamilika isipokuwa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Baba yake Jentrix, Mzee Nalianya wa Webuye, mzee wa kanisa, hakutaka kusikia habari ya pesa badala ya ng'ombe. "Nataka nimwone akitembea," alisema. Jentrix mwenyewe alisema atangoja hadi mwisho wa Agosti. Hakulia wala hakununa aliposema hivyo, na hilo ndilo lililomtia Lennox hofu. Tapeli ni tapeli, lakini alimpenda msichana huyo kuliko ujanja wake wote.

Basi akanunua koti la kazi la kijani, na mashine ya kukata nyasi ambayo injini yake ilikuwa imekufa zamani. Akaipaka rangi nyekundu. Jumamosi akaisukuma hadi kwa Mama Waithera, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwanamke mwenye banda la mbao katika soko la Gikomba, Nairobi, na macho ya kupimia mbao.

"Kampuni yenu iko wapi?" Mama Waithera aliuliza.

"Tuko Karen na Runda, mama. Huku tumekuja juzi, tuliposikia kuna watu wa maana."

Mama Waithera hakuwa mtu wa kulewa sifa, lakini hakuwa amewahi kutajwa pamoja na matajiri wa Runda.

"Hiyo mashine iko na kelele? Mzee wangu anafanya kazi usiku, analala mchana."

"Haina kelele hata kidogo," alisema Lennox, na hilo ndilo neno pekee la kweli alilosema siku hiyo. "Halafu tunakata siku za kazi, mkiwa hamko. Kampuni haipendi kusumbua familia."

Kufikia jioni nyumba zote kumi na mbili zilikuwa zimekubali. Lennox akavuka barabara kwenda kwa mwenye ng'ombe, mjane aliyeitwa Nalotuesha, akamsalimu kwa Kimaasai chote alichokuwa nacho, ambacho kilikuwa maneno mawili.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," aliitikia Nalotuesha kwa Kimaasai.

"Niko na nyasi huko ndani. Ng'ombe wako wanaweza kula kila siku ya kazi, mpaka mvua inyeshe."

"Nyasi ni yako?"

"Iko mikononi mwangu."

"Unataka nini?"

"Mtamba mmoja. Yule mwekundu mwenye paji jeupe."

"Sawa."

Lennox alikuwa amejiandaa kubishana hadi magharibi. Mtu mwenye akili akiona Mmaasai ametoa ng'ombe bila ubishi, hurudi nyumbani akafikirie. Lennox alijipongeza.

Kesho yake Nalotuesha aliita wazee wawili wa kushuhudia, akamkabidhi Lennox kamba ya mtamba, akamtemea mate kidogo kiganjani kwa baraka. "Kutoka leo sikuiti Lennox. Nakuita Pakiteng, na wewe unaniita Pakiteng. Ni jina la watu waliopeana ng'ombe."

"Ni kama cheo?"

"Ni kubwa kushinda cheo. Sasa mwache hapa ale na wenzake. Ng'ombe hakai peke yake."

Lennox alikuwa amepanga chumba kimoja, kwa hivyo hakuwa na la kupinga. Jioni alimweleza Jentrix kuhusu mtamba na cheo pia. Jentrix alisema mtamba anatosha.

Kazi ilianza vizuri. Mutindi, soja wa geti, alizibwa mdomo kwa chupa ya maziwa kila siku, na wasichana wa kazi vivyo hivyo. Ng'ombe waliingia wenye magari wakishaondoka, mzee wa Mama Waithera akiwa usingizini, wakatoka kabla hawajarudi. Nyasi zikawa fupi na za kupendeza. Jumapili ya kwanza Mama Waithera alimwita Lennox uani, akamwonyesha kitu kwa ncha ya kiatu chake cha kanisani.

"Hii ni nini?"

Lennox alichuchumaa akakitazama kwa heshima. "Mbolea, mama. Wateja wa Runda tunawatoza kando. Wewe nimekuwekea ndani ya bei."

"Inanuka ng'ombe."

"Ile feki ndiyo hainuki."

"Na haya mashimo?"

"Udongo mweusi hauna pumzi. Lazima utobolewe ndio mizizi ipumue."

Mama Waithera aliinama zaidi. "Mbona kila shimo limegawanyika katikati?"

"Ni modeli mpya," alisema Lennox.

Wiki ya tatu alikuta ng'ombe hawahesabiki kwa haraka. Alihesabu polepole akapata tisini.

"Pakiteng, hawa wengine ni wa nani?"

"Wale ni wa ndugu yangu wa Kisaju. Hawa ni wa shemeji."

"Na wao watanipa mtamba?"

Nalotuesha alicheka kwa adabu, kama mtu aliyesikia mtoto akiuliza jua hulala wapi. "Watu wa mtu aliyekupa ng'ombe hawalipi. Tukiwa na njaa tunakuja kwako. Ukiwa na njaa unakuja kwetu. Hiyo ndiyo maana ya jina."

Lennox alipiga hesabu. Akigombana na mama huyu, mtamba angekuwa amepotea, na mtamba akipotea Jentrix naye amekwenda. Akawaacha wale. Ng'ombe wakamaliza nyasi, wakaingia sukuma wiki, wakaonja maua, na Alhamisi mmoja wao alikula nusu ya sketi ya kwaya iliyoanikwa kwenye kamba. Lennox aliandika barua ya kampuni kulaumu panya.

Miezi hiyo stima ilikuwa ya mgao. Jumanne moja ilikatwa Gikomba tangu asubuhi, misumeno ikalala, na Mama Waithera akarudi nyumbani saa sita mchana. Lennox alipofika alimkuta ameketi barazani na Nalotuesha, wanakunywa chai kama watu waliomaliza mazungumzo.

"Bwana Wakhungu," alisema Mama Waithera, "mashine zako zinakunywa maji kwa beseni yangu ya nguo."

Lennox alifungua mdomo.

"Usiniletee Runda."

Lennox akaelezwa kwamba kuanzia siku hiyo kazi ya nyasi ni ya Nalotuesha, ng'ombe ishirini kwa zamu, samadi irundikwe karibu na bustani, na nusu ya malipo aliyokuwa akipewa Lennox apewe Nalotuesha. Wanawake hao wawili walikuwa wamekubaliana katika kikombe kimoja cha chai. Lennox alivua koti la kijani mwenyewe. Alitoka getini akijiambia kwamba haidhuru, kwa sababu alichotaka tangu mwanzo ni mtamba, na mtamba ni wake mbele ya wazee wawili.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti Mzee Nalianya alishuka kutoka Webuye. Lennox akampeleka yeye na Jentrix hadi boma la Nalotuesha. Mtamba alitolewa. Mzee Nalianya alimzunguka mara mbili, akampapasa mgongo, akamtazama meno.

"Huyu ni ng'ombe," alisema. Kwa Mzee Nalianya hiyo ilikuwa hotuba. Jentrix akatabasamu, na Lennox, ambaye hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu Machi, alijikuta anatabasamu pia.

"Basi twende naye," alisema Mzee.

"Ni wa Pakiteng, wake kabisa," alisema Nalotuesha. "Lakini ng'ombe wa urafiki hapewi mtu mwingine kabla sijaulizwa."

"Hata kwetu ni hivyo," alisema Mzee. "Muulize, kijana."

Lennox akauliza.

"Mimi nilikupa ng'ombe," alisema Nalotuesha. "Wewe ulinipa nini?"

"Nyasi."

"Nyasi ya nani?"

Maneno yalikuwepo, kama kawaida. Yalikuwa yamejipanga ulimini, Karen yote na Runda yote. Lakini Jentrix alikuwa akimtazama, na tabasamu lake lilikuwa linaondoka polepole, na Lennox aliona aibu, kitu ambacho hakuwa amekiona kwa miaka mingi.

"Ya wenyewe," alisema. "Ya Mama Waithera na majirani wake. Haikuwa yangu hata siku moja."

"Nilijua hiyo siku ya kwanza. Kwa hivyo bado hujanipa kitu." Nalotuesha hakuwa na hasira hata kidogo. "Niko na kompaundi kumi na mbili na sina mtu wa kuchunga huko. Chunga mwaka mmoja. Hapo mtamba ataenda Webuye na baraka yangu."

"Mwaka mzima?"

"Yakobo alichunga miaka saba," alisema Mzee Nalianya.

"Lakini Yakobo alidanganywa, Mzee."

"Yeye ndiye alianza."

Ilibidi Lennox akubali, kimoyomoyo, jinsi fundi anavyokubali kazi ya fundi mwenzake. Mama huyu alikuwa amewalisha ng'ombe wa ukoo mzima katika ukame, sasa analipwa wakila, amepata mchungaji wa bure, na mtamba bado yuko zizini kwake. Na hakuwa amesema uongo hata mmoja.

Jentrix aliichukua fimbo iliyoegemezwa ukutani, akaja nayo hadi mbele ya Lennox.

"Shika," alisema. "Jumatatu nikienda shule nitapitia pale getini, nikuone. Nisipokuona hapo, hata wewe usinitafute."

Lennox akaishika. Jumatatu alikuwa getini na ng'ombe ishirini kabla Mutindi hajawasha jiko la chai, na alipomwona Jentrix akija na daftari zake kwapani, alisimama wima.