Kopo Jipya la Mgao na Jina la Mama Yangu

Kambi ya Dzaleka, Malawi, 9 Julai 2001

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Vipimo vya Mgao

Mzee Cishahayo mheshimiwa,

Pokea salamu zangu katika Bwana. Hapa nyumbani wote ni wazima isipokuwa maharage, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Najua una kazi nyingi, lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Kwanza nijitambulishe, maana kwenye foleni sote tunafanana. Mimi ni Véronique, mama Solange, wa Uvira, Kongo. Tangu mwaka 1999 nauza mapishi kwa barua. Sina duka wala meza sokoni. Nina kalamu, na nina mama yangu mzazi, Mama Odette, ambaye hukaa kitandani akinitajia mapishi yake, nami naandika. Mteja anatuma stempu mbili: moja ya jibu, moja ya kwangu. Wateja wenyewe ni wakimbizi wenzetu wanaohangaika na biashara Area 23 kule Lilongwe, Mponela na Madisi. Wengi ni wanaume wasio na mke wala dada karibu, wenye sufuria moja na hamu ya chakula cha kwao. Kila mwezi wanakuja kambini kuchukua mgao, kisha wanarudi nao huko.

Hapo ndipo ilipo akili ya biashara yangu. Mama hajapima kitu maishani mwake. Ukimwuliza chumvi kiasi gani, atakujibu, "Tia ya kutosha." Huwezi kumwuzia mtu "ya kutosha" kwa stempu mbili. Nikatafuta kipimo ambacho Mkongomani na Mrundi wote wanakijua, nikakikuta kwenu: kopo la mgao. Chukua kopo moja la maharage kama ulivyopewa, usiongeze, usipunguze, kisha kijiko kimoja cha chumvi. Kwa miaka miwili hakuna aliyelalamika. Ndipo mwezi wa tano mkaleta kopo jipya. Nilipomwuliza mshika ghala wenu, Nahayo, alisema, "Mama, kopo ni kopo." Kwa heshima zote, mzee, si kweli: hili jipya ni dogo. Tazama mwenyewe.

1. Bucumi, fundi cherehani wa Area 23, alipika maharage ya Mama Odette siku ya Jumapili akaalika mafundi wenzake. Maharage yalipungua, chumvi ilikuwa ile ile. Ameniandikia hivi: "Mama Véro, tulikunywa maji ndoo muzima. Banaume kumi banakutafuta." Sijui wananitafutia nini. Tangu siku hiyo sijakanyaga Lilongwe.

2. Norbert wa Mponela alinunua pishi la mandazi ya unga wa mahindi. Maji alipima sawa, ila unga wa kopo lenu haukufua dafu, donge likawa uji. Norbert si mtu wa kukata tamaa. Aliumimina kwenye mafuta hivyo hivyo, akauza pembeni mwa barabara kuu vitu bapa vyenye matundu. Wamalawi wanaviita zitumbuwa, wanasema zikomo, yaani asante, kesho yake wanarudi na jamaa zao. Sasa Norbert ananiomba pishi jingine kama hilo. Mzee, mimi nilimwuzia mandazi! Nitakaaje kimya huku kosa linastawi kwa jina letu?

3. Irankunda wa Madisi alikuwa anaposa. Hana ndugu huku, kwa hiyo alipika mwenyewe kuwapokea wajomba wa binti anayemtaka, Mahoro. Wajomba walionja, wakatazamana, wakaomba maji, kisha wakaomba muda wa kufikiri. Mkubwa wao alisikika akisema, "Mutu mwenye anamwanga chumvi vile, atamwanga na mali." Jibu limeahirishwa hadi baada ya mavuno, na mavuno yamekwisha.

4. Mama Odette mwenyewe. Hili naomba ulisome umekaa. Nyumba yetu ya Uvira iliungua mwaka 1998. Shamba la mihogo liko kwa watu tusiowajua. Alichovuka nacho ziwa ni jina la kujua kupika, na jina halikuhitaji kubebwa kichwani. Sasa kila barua inayofika inasema hajui chumvi. Amekataa kunitajia pishi lolote jipya. Juzi aliniambia, "We mutoto, vita haikuniaribia jina. Njo we unaniaribia na ile kalamu yako." Nililia, mzee, sikufichi. Nilipomaliza kulia nikachukua kalamu ile ile.

Isije ikaeleweka kwamba nalalamikia njaa. Njaa ina ofisi yake na foleni yake, na huko nimeshapanga mara nyingi. Mimi nalalamikia usahihi.

Kwa hiyo naomba kopo la zamani lirudi, na likipumzika lifungiwe sandukuni kwa kufuli mbili. Mwalimu wetu wa Uvira alitufundisha kwamba Wafaransa wamefungia mita moja ya chuma mahali fulani, ili mita nyingine zote duniani zisisahau urefu wao. Dzaleka tushindwe na kopo?

Ikiwa hilo haliwezekani, na kopo ni lazima lipungue, basi kila kitu kipungue nalo kwa haki. Vijiko vyote vya chumvi vikatwe ncha. Vikombe vya maji vifupishwe. Wajomba wa kuposewa wapunguzwe, wawili wanatosha. Na mwezi wa mgao uwe na siku ishirini. Hapo mapishi ya mama yatakuwa sahihi tena, wala hakuna atakayehisi tofauti yoyote.

Nakutakia afya na mizani isiyoyumba. Unisalimie mama wa nyumbani kwako, wajumbe wa kamati, yule anayepuliza filimbi kwenye foleni, hata Nahayo pia, ambaye simchukii.

Ni mimi, mteja wenu wa kila mwezi,

Véronique, mama Solange
Mapishi ya Mama Odette kwa Barua

P.S. Nilikuwa bado sijabandika bahasha, Nahayo akapita na kopo la zamani. Alikuwa amelifanya la kuogea, na alikuwa amechoka kunisikia. Tulilijaza maji, tukayamimina ndani ya kopo jipya mbele ya mama na majirani. Halikumwagika tone, wala halikubaki pengo. Makopo ni sawasawa. Niliona aibu hadi masikioni. Mama alicheka akashika mbavu, kicheko chake cha kwanza tangu mwezi wa tano, akasema, "Muniulize mi. Kopo haiko na kosa. Mwenye kosa njo mukono." Kisha akamwuliza Nahayo nani alikuwa anagawa zamani. Ni Spès, yule dada Mrundi mliyemhamishia kwenye kugawa sabuni mwezi huo huo wa tano, kwa sababu foleni yake ilikwenda polepole. Ilikwenda polepole kwa kuwa alijaza kopo hadi maharage yakasimama kilima, akakifunika kilima kwa kiganja cha kushoto kisidondoke hadi kiingie mfukoni mwako. Unga nao aliufanya vivyo hivyo. Huyu wa sasa anapitisha kijiti juu ya kopo, kilima kinaanguka, na ana haki, hiyo ndiyo sheria. Miaka miwili nimeuza mapishi yaliyosimama juu ya kilima cha Spès, na sikukiandika hata mara moja. Basi malalamiko yote hapo juu nayafuta, na siku za mwezi ziacheni zilivyo. Sabuni inahesabika vipande, mtu yeyote anaweza kuigawa. Kopo kaeni nalo. Tunaomba Spès arudi kwenye maharage.