Fungate ya Brazili

Jumapili, 8 Juni
Tangazo la pili la ndoa yangu na Roda limesomwa kanisani. Limebaki moja. Nilitegemea pongezi. Badala yake Ambilikile, mwanakwaya mwenzangu, akatusimulia tena fungate yake ya Zanzibar. Mwaka wa sita huu! Mtu alikaa siku tatu, mbili akaugua tumbo, na bado anavaa ile kofia ya ukindu. Nikajikuta nimewatangazia wanakwaya wote kwamba sisi tunakwenda Brazili. Kofia ikavuliwa.

Kwa nini Brazili? Kila msimu tunaambiwa bei ya kahawa yetu ya Mbozi imeshuka kwa sababu Brazili wamevuna sana. Miaka thelathini wananiharibia bei na sijamwona hata mmoja wao. Marehemu mke wangu Ferista alikuwa akizima redio bei zikianza kusomwa, ili nimalize kula kwanza.

Jumanne, 10 Juni
Tunduma, mpakani, kuulizia safari ya Brazili. Nimevaa koti la harusi. Dada wa uhamiaji akaniomba pasipoti. Nikamweleza kwa upole kwamba navuka kwenda Nakonde tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na Zambia haijawahi kulalamika. Akasema Brazili si ng'ambo ya barabara. Majivuno! Akauliza kama bibi harusi anayo pasipoti. Swali la ajabu. Bibi harusi mwenyewe sijamwambia.

Nikavuka Nakonde, nikanyolewa, nikarudi. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Alhamisi, 12 Juni
Roda amesikia kutoka kwa kwaya. Wambea! Niliwaambia watu arobaini tu.

Alinikuta namenya kahawa. Nikamweleza faida: tutakagua miti yao kama ina chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni zetu. Akanikumbusha kwamba tulikubaliana fungate iwe Ibaba, kwa mama yake asiyeweza kusafiri kuja harusini. Nikasema sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana. Ilikuwa Machi, alikuwa amevaa kitenge cha kijani.

Akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Baba Angel, mama yangu haoni. Hajawahi kukugusa uso. Unataka wakulima wa Brazili wakufahamu kabla yake?"

Hakupaza sauti. Aliniambia tu kwamba Jumapili, mchungaji akiuliza kama kuna pingamizi, atasimama yeye mwenyewe. Akaenda zake.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemwomba mchungaji asome tangazo harakaharaka na kuliruka lile swali. Amekataa. Watu wa dini hawana msaada.

Ambilikile amepita kuniazima kofia ya kuvaa Brazili. Nimeipokea. Ina harufu ya dagaa.

Sijala. Nyumba hii ni kubwa mno kwa sahani moja.

Jumapili, 15 Juni
Mchungaji akauliza. Ubao wa benchi la kina mama ukalia. Roda akasimama.

Nami nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba fungate ni Ibaba. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mchungaji akasema hilo si pingamizi. Ambilikile alicheka mpaka akakohoa. Mkewe akampiga mgongoni kwa kitabu cha nyimbo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Roda akakaa.

Jumatatu, 23 Juni
Ibaba. Siku ya pili ya ndoa. Ukungu, viazi, baridi ya kung'ata. Mtu wa fungate ya Zanzibar angeomba kurudi kwao.

Mama mkwe amenipapasa uso muda mrefu. Akamwambia binti yake kwamba pua ni kubwa, lakini huyu mtu amewahi kulia, abaki naye.

Wakati wa chakula redio ikaanza kusoma bei za kahawa. Roda akanyoosha mkono, akaizima. Akasema nile kwanza. Sikuwahi kumsimulia habari za Ferista na redio. Nikafuta macho, nikasingizia moshi.

Ila alichelewa kidogo. Nilikuwa nimeshasikia. Safari hii wanaotushushia bei ni Vietinamu.

Nimetoka nje kimyakimya, nikampigia Ambilikile. Nimemwambia kwamba Ibaba tumekuja kwa mazoezi tu, kabla ya Vietinamu.