Chaki Mpya Imening'ata Tai Mbele ya Mteja

Wadau, hapa nilipo nina aibu hata chai haishuki.

Mnajua mimi ni fundi wa mashine ya kukereza vyuma kwenye karakana ya Mzee Idi, Singida mjini. Wiki hii tumepata chaki mpya! (Si ya ubaoni. Ni lile domo la chuma linalong'ata chuma kingine ili kizunguke kikichongwa.) Zamani kubadilisha chaki ilikuwa adhabu. Mnaiinua watu wawili, mnafunga bolti, mnapima kama imekaa katikati, haijakaa, mnaanza upya. Asubuhi imekwisha na mgongo umekwenda nayo.

Hii mpya kitako chake hakitoki kwenye mashine. Unabadilisha kichwa tu! Unachomoa kimoja, unapachika kingine, unazungusha ufunguo. Kach! Imekaa katikati yenyewe. Siku ya kwanza nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuangalia nani kaumia.

Leo alikuwa anakuja Mama Stela kutoka Nduguti, mwenye mashine za kukamua alizeti. Akiridhika, shafti zake zote tunachonga sisi. Mzee Idi akaniambia, "Wewe ndiye utakayemwonyesha." Mimi! Nikavaa shati jeupe. Nikavaa na tai. (Naam. Tai. Karakana.)

Mwenzangu Hamisi akaniangalia juu mpaka chini. "Kaka, tai na mashine?"

"Mashine siiwashi, naonyesha tu. Huoni tuna mgeni?"

Mama Stela akafika. Shikamoo, marahaba, nikaanza. Nikachomoa kichwa cha kwanza, nikapachika cha pili, hata hajamaliza kukaa kwenye kiti! Macho yakamtoka.

"Mwanangu, kitu cha haraka namna hii kinashika kweli?"

"Subiri uone, mama!"

Nikaingiza kipande cha nondo, nikainama kutazama, nikazungusha ufunguo. Kach! Nikauchomoa kwa madaha. "Usalama kwanza, mama! Ufunguo hauachwi kwenye chaki!" Nikamrushia Hamisi. Akaudaka, akautia mfukoni, akatoka kwenda kumnunulia mgeni soda.

Nikataka kuinuka. Shingo ikagoma.

Meno ya chaki yalikuwa yameng'ata nondo pamoja na tai yangu. Nikajaribu kufungua fundo, kila nikivuta linazidi kukaza. Niseme ukweli? Thubutu! Nikaendelea na somo hivyohivyo, nimeinama kama mbuzi anayekunywa maji.

"Hapa, mama, ndipo meno yanapokutana."

"Naona. Mbona husimami?"

"Nakagua, mama. Kazi hii inataka kukagua."

Nikakagua. Nikakagua tena. Jasho likawa linadondokea chuma.

Mara Mzee Idi akaingia. Mkubwa hapitwi bila salamu. "Shikamoo mzee," nikasema, pua kwenye nondo.

"Marahaba. Unaisalimia mashine?"

Mama Stela akanyoosha kidole ukutani, akasoma kibao kwa sauti, taratibu, kama yuko kanisani: "Marufuku kuvaa tai, shanga na nguo za kuning'inia." (Kibao hicho nimekiandika mimi. Kwa mkono wangu. Kwa rangi nyekundu.)

Hamisi akarudi na soda. Aliponiona akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi.

"Ufunguo!" nikafoka, sauti imekwisha.

Akauchomeka, akauzungusha. Upande wa kukaza!

"Upande mwingine, Hamisi! Nakufa!"

Hatimaye nikaachiwa. Tai imesokotwa kama mkia wa panya, uso mwekundu kama yale maandishi. Nikasimama kando nikisubiri Mama Stela ashike njia ya kurudi Nduguti na kazi yake. Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga, akamgeukia Mzee Idi.

"Wasiwasi wangu ulikuwa kama inashika. Sasa kama fundi mwenyewe ameshindwa kuchomoka, shafti yangu itakwenda wapi? Kesho naleta zote."

Zote, wadau! Tumepata kazi! Nimeruka juu nikasahau kwamba nina shingo, nikakumbushwa hapohapo.

Ila Hamisi alipiga picha kabla hajanifungua. Mkiiona, chekeni kimyakimya. Siwezi kugeuka kuangalia ni nani.